Nani Yuko Ndani ya Behewa?

Wengi mlipiga simu kusema theluji iliwafungia nyumbani Jumamosi ile familia zetu za Kiswahili za hapa Chicago zilipokutana. Mmeniomba niiandike hotuba yangu yote. Hii hapa, kama nilivyoitoa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maana nusu yake zilitoka kichwa chini.

Wazee, shikamooni. Akina mama, poleni na barabara. Vijana mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau, pilau ipo, lakini iko nyuma yangu na mimi ndiyo kwanza naanza.

Mnanijua kama yule mtu wa fomu za kodi. Kila Februari mnanipigia, hata usiku wa manane. Leo sizungumzii kodi. Leo nazungumzia midoli. Mke wangu pale anainamisha kichwa, amekwisha kujua aibu inakuja.

Ndugu zangu, chini ya nyumba yangu, kwenye besmenti, kuna treni. Ni treni ya mfano, ndogo, ya umeme, inayoiga treni ya kifahari ya Wamarekani iliyoitwa Super Chief. Kwa lugha yetu tungesema Chifu Mkuu. Mimi ni mtoto wa Tabora. Kwa sisi, ukisema chifu mkuu, mtu anasimama wima akidhani unamtaja Mirambo. Kumbe Wamarekani nao walikuwa na wao, na wa kwao alikuwa na magurudumu.

Alikuwa nani huyo chifu? Ilikuwa treni ya kampuni ya reli ya Santa Fe, kati ya Chicago na Los Angeles. Safari ya kwanza ilifanyika Mei 12, 1936. Mwaka mmoja baadaye, Mei 18, 1937, ikapewa mabehewa mapya ya chuma kisichoshika kutu, yaliyotengenezwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia, yanang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Kilomita karibu 3,600 ilizimaliza kwa saa 39 na dakika 45. Haikuwa na daraja la tatu wala la pili. Abiria wote walikuwa wa mabehewa ya kulala, na juu ya tiketi ulilipa nauli ya ziada. Nyota wa filamu wa Hollywood walikuwa wakipanda humo. Wewe na mimi tungesimama nje ya uzio tukipunga mkono.

Stesheni yake hapa mjini mnaipita kila siku. Lile jengo jekundu la Dearborn, lenye mnara wa saa, pale mtaa wa Polk. Mara ngapi mmeegesha gari pale mkaenda zenu? Kutoka pale ndiko Chifu alikokuwa akiondoka. Leo hakuna hata reli moja nyuma ya jengo.

Sasa sikilizeni hesabu, maana mimi bila hesabu siwezi. Treni za mfano zina vipimo vyake. Kipimo cha O, kwa Marekani, ni moja kwa 48. Kipimo cha HO ni moja kwa 87, yaani karibu nusu ya O. Kipimo cha N ni moja kwa 160, hicho ni cha watu wenye macho ya kipanga. Mimi natumia HO. Behewa la Super Chief lililokuwa na urefu wa karibu mita 26, kwangu lina sentimita 30. Mtu mzima ana sentimita mbili. Na je, nikitaka kutandika reli yote kutoka Chicago hadi Los Angeles kwa kipimo hicho, ingekuwa na urefu gani? Kilomita 41! Karibu mbio nzima ya marathoni. Ingetoka kwenye besmenti yangu, ikapita kwa majirani, ikavuka barabara kuu, na mke wangu angekuwa amekwisha kurudi kwao zamani.

Kwa hiyo kila anayetengeneza treni ya mfano lazima akate. Swali ni moja tu, nami nitalirudia mpaka mchoke: unakata nini, na unabakiza nini?

Nianze na waliobakiza rangi.

Mnaona kichwa hiki cha treni nilichoshika? Tazameni pua yake. Nyekundu, imezungushwa mistari ya njano na nyeusi, na nyekundu ile inarudi nyuma ubavuni kama upepo umeipiga. Mchoro huo ni wa Leland Knickerbocker, msanii wa General Motors, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vichwa vya dizeli hapa hapa La Grange. Ni kilemba cha vita cha manyoya ya tai, kile walichovaa machifu wa Wahindi Wekundu wa nchi tambarare. Reli ya Santa Fe ilipita kwenye ardhi za wenyeji, ikachukua majina yao na kuyabandika kwenye mabehewa: Acoma, Laguna, Isleta, Taos, Navajo. Kama waliwaomba ruhusa, hilo ni swali la hotuba nyingine, na hiyo haitakuwa na pilau.

Sasa mwaka 1948, mwaka ule ule Super Chief ilipoanza kwenda kila siku, kampuni ya midoli iitwayo Lionel ikatoa kichwa cha aina ya F3 chenye rangi hizo hizo, namba 2333. Na gharama ya kutengeneza vikalibu vyake hawakuibeba peke yao. General Motors walichangia, Santa Fe walichangia, na reli ya New York Central ikachangia kwa sababu kichwa hicho kilitoka pia kwa rangi zake. Mmeelewa ujanja huo? Kampuni ya reli inalipia mdoli! Kwa nini? Kwa sababu mtoto anayeisukuma Santa Fe kwenye zulia leo, kesho ni mtu mwenye suti anayenunua tiketi. Na ilivyokuwa, watoto waliipenda ile nyekundu ya Santa Fe kuliko ile ya kijivu ya New York Central. Mpaka leo, mwambie Mmarekani wa makamo achore treni, atakuchorea pua nyekundu.

Lakini je, ule mdoli ulifanana na treni ya kweli? Hata kidogo! Reli za Lionel zilikuwa tatu, ya katikati ikipitisha umeme. Nani kati yenu amewahi kuona treni ya abiria kama hiyo ikienda Los Angeles? Na kona zake zilikuwa za duara la inchi 31 tu, ukingo hadi ukingo. Kwa kipimo chake hiyo ni kona ya kugeuzia bajaji, na treni ya kweli ingelala chali pale. Walikata ukweli wote, wakabakiza rangi na honi. Ikatosha.

Honi yenyewe ina kisa. Niliwahi kununua 2333 moja kwenye mauzo ya gereji, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akihama. Nje ilikuwa safi, rangi haijachubuka hata ukucha. Nikamlipa haraka asije akabadili mawazo. Nilipofika nyumbani nikaifungua. Masikini! Honi ya vichwa vile ilitumia betri, ile nene ya tochi. Mtoto wa zamani alicheza, akaitwa kula, akakua, akaoa, betri ikabaki ndani. Ikavuja. Chuma chote cha ndani kilikuwa na ukoko mweupe wa kijani, kama magadi yaliyomwagikiwa na maji. Nilikwangua kwa kijiti na siki juma zima. Sasa inatembea, ila honi yake inalia kama mbuzi mwenye mafua. Ukienda kununua treni kuukuu, sikia ushauri wa bure: usitazame pua, fungua tumbo.

Hao ndio waliobakiza rangi. Sasa kuna kabila jingine, nami nimo, la waliotaka kubakiza kila kitu.

Sisi tuna jina letu kwenye vilabu: wahesabu ribiti. Zile ribiti za chuma ubavuni mwa behewa, kuna watu wanazihesabu kwenye picha ya zamani, halafu wanakuja kuzihesabu kwenye behewa lako. Msicheke, ni kweli. Na siku hizi viwanda vinawatii. Kato wa Japani wametoa Super Chief kwa kipimo cha N, Walthers wa kule Milwaukee wameitoa kwa HO, behewa kwa behewa, kila moja na jina lake. Kichwa kina kompyuta ndogo ndani, unaongeza mwendo na dizeli inanguruma inavyotakiwa.

Mimi meza yangu ni ubao mmoja wa plaiwudi, futi nne kwa nane. Kona kubwa kwenye ubao huo ni ndogo mno kwa behewa la sentimita 30. Viwanda vya zamani vililijua hilo, ndiyo maana waliuza mabehewa mafupi, yaliyokatwa dirisha moja au mawili, nawe hugundui mpaka uambiwe. Mimi nikasema sitaki ufupi, nataka ukweli. Nikaunga mwenyewe lile behewa la mwisho, Navajo, lenye mkia wa mviringo, kutokana na vipande vya mabehewa mengine. Miezi minne. Siku ya kwanza nikaiwasha mbele ya wanangu. Kichwa kikapita kona. La kwanza likapita. La pili likapita. Navajo ilipofika, mkia ukatoka nje ya kona, ukagonga mlima wa plasta, na behewa likaruka mezani hadi kwenye saruji. Navajo ya kweli, ya 1937, iko salama kwenye jumba la makumbusho ya reli kule Golden, Colorado. Yangu ina nundu mgongoni kama ng'ombe wa Sukuma.

Nikatengeneza kona upya, nikaongeza ubao wa pili. Mke wangu akapoteza mahali pa mashine ya kufulia. Hilo nalo linamo kwenye hesabu ya ukweli.

Basi nikazama ndani zaidi. Nikasoma kwamba mle ndani kuta zilipambwa kwa mbao za fahari: mtiki, mpingo, na mbao iitwayo bubinga. Bubinga! Huo ni mti wa kwetu Afrika, wa misitu ya Kameruni, Gabon na Kongo. Hebu fikirini. Mti umekatwa kwenye msitu wa Kongo, umepanda meli, umeparuzwa mwembamba kama karatasi, ukawa ukuta wa chumba ambamo nyota wa filamu anavuta sigara akitazama jangwa la New Mexico. Nikachanganya rangi: kahawia, nyekundu kidogo, mstari mweusi kwa unyoya mmoja wa brashi. Nikapaka ndani ya behewa, mahali ambapo paa likishafungwa hakuna atakayepaona. Wangapi wameiona bubinga yangu? Mimi na Mungu.

Sahani je? Mbunifu Mary Colter alitengeneza vyombo vya behewa la chakula kwa kuiga michoro ya Wamimbres, wafinyanzi waliokaa New Mexico karibu miaka elfu moja iliyopita: samaki, ndege, wanyama wa kila namna. Sahani ya chakula kwa kipimo changu haifiki milimita tatu. Nilizikata kwenye karatasi nyeupe kwa bomba la sindano lililonolewa, nikaweka nukta ya rangi nyekundu iliyokolea katikati. Nikapiga chafya. Mlio mmoja tu, sahani zote ishirini na nne zikaruka. Bado naokota sahani kwenye soksi zangu.

Ndipo nikaipeleka treni kwenye maonyesho, na kibao nimeandika kwa fahari: Super Chief, 1937. Akaja mzee mmoja, Mzungu, kofia ya klabu, miwani imening'inia. Akainama. Akazunguka. Hakusema kitu kwa dakika nzima. Nikajiambia amekubali. Akanyoosha kidole kwenye behewa langu la kuba, lile lenye kioo juu, ambalo ndani yake mna chumba kidogo cha kulia kiitwacho Turquoise Room. Akasema, "Rafiki, kuba hilo ni la 1951." Basi. Akaenda zake kununua soseji.

Ndugu zangu, mbao zangu ni sahihi, sahani zangu ni sahihi, na katikati ya treni nimeweka kitu ambacho bado miaka kumi na minne hakijazaliwa! Niliumia. Lakini aliyeniumiza kweli si yeye.

Subirini, pilau haipoi.

Watu wadogo wa kuweka ndani ya treni huuzwa kwenye vijaluba. Unanunua kijaluba cha abiria waliokaa: bwana mwenye kofia, bibi mwenye mkoba, mtoto. Nilinunua viwili, nikaketisha watu wangu kila behewa, nikafunga paa, nikawasha taa. Pakapendeza. Usiku mmoja nikakaa natazama madirisha, nikajiuliza swali la kijinga: vitanda hivi anatandika nani?

Niwaambie kwa nini nilijiuliza. Baba yangu mkubwa alikuwa mhudumu wa behewa la daraja la kwanza kwenye reli ya kati, Dar es Salaam hadi Kigoma. Tulipokuwa watoto Tabora, treni ikisimama tulikimbilia dirishani kwake, naye alitutupia vipande vya sabuni vilivyobaki kwa abiria. Sabuni inanukia, tulikuwa tunanusa hatuogi. Jina lake lilikuwa refu na zuri, la babu yake. Ndani ya treni, wakati ule wa ukoloni, aliitwa boi. Miaka yote ile. Alikuwa akituhadithia huku anacheka, lakini chai yake alikuwa haimalizi.

Sasa huku Marekani, mabehewa ya kulala yalihudumiwa na watu wa kampuni ya Pullman, na wahudumu wale karibu wote walikuwa Wamarekani weusi. Na abiria waliwaitaje? Waliwaita George. Wote George. Kwa sababu mwenye kampuni alikuwa George Pullman, na ilikuwa desturi ya utumwa mtu kuitwa kwa jina la bwana wake. Uwe James, uwe Samuel, ukikanyaga behewa wewe ni George.

Walifanya kazi saa karibu 400 kwa mwezi. Gaweni wenyewe kwa siku thelathini. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, kiongozi akiwa A. Philip Randolph, na kampuni ikawapiga vita miaka kumi na miwili. Mkataba ulitiwa saini Agosti 25, 1937. Saa zikashuka hadi 240 kwa mwezi. Mwaka gani? Elfu moja mia tisa thelathini na saba! Miezi mitatu tu baada ya yale mabehewa mapya kuanza safari. Mimi nilikuwa nimeandika mwaka huo kwenye kibao changu, nimepaka mpaka mbao zisizoonekana, na kwenye treni nzima ya 1937 sikuwa nimemweka mtu huyo hata mmoja. Kuba nilizidisha, mhudumu nilipunguza. Ribiti nimehesabu, mtu sikumhesabu.

Basi nikachukua kibwana kimoja cha sentimita mbili, nikakikata kofia ile, nikakipa nyingine ya mhudumu. Uso nikaupaka kahawia, na sikupata kahawia sahihi mpaka nilipoweka mkono wangu kando ya brashi. Nikampa koti jeupe. Nikamsimamisha kwenye jukwaa la stesheni, mlangoni mwa behewa, na mbele yake kile kigoda cha kukanyagia abiria. Nikafurahi. Nikasema sasa hapa hakuna wa kunikosoa.

Maonyesho yaliyofuata akaja bibi mmoja Mmarekani mweusi, mzee kabisa, anasukumwa kwenye kiti na mjukuu. Mjukuu alitaka kwenda kwenye treni za Thomas, yule wa katuni za watoto. Bibi akamzuia. Akatoa miwani, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo changu. Nikangoja. Mnajua nilingoja nini? Nilingoja asante. Binadamu ni binadamu.

Akasema, "Koti umekosea."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Baba yake alikuwa mhudumu wa Pullman, alitokea hapa hapa upande wa kusini. Koti jeupe lilikuwa la ndani, la kutandikia vitanda. Jukwaani, wakati wa kupokea abiria, mhudumu anavaa koti la buluu iliyoiva, vifungo vimefungwa. "Baba yangu asingesimama nje na koti la kutandikia," akasema. "Mama yangu alikuwa analipiga pasi lile la buluu mwenyewe, hakumwamini dobi." Halafu akaniuliza, "Na huyu anaitwa nani?"

Nilikaribia kusema sijampa jina. Nikasema jina la baba yangu mkubwa. Akalirudia mara mbili mpaka akalipata, akaitikia kwa kichwa, akamruhusu mjukuu waende kwa Thomas.

Usiku ule ule nikapaka buluu. Na nikatengeneza wa pili, wa koti jeupe, nikamweka ndani ya behewa la Isleta, ameinamia kitanda.

Kuhusu mwisho wa Chifu nitasema upesi, maana naona akina mama wanafunua masufuria. Mei 1, 1971, treni za abiria za Santa Fe zilichukuliwa na Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria. Mwaka 1974 Santa Fe wakawanyang'anya jina, wakidai huduma haistahili jina hilo tena. Tangu 1984 inaitwa Southwest Chief, na bado inaondoka kila siku kutoka Union Station kwenda Los Angeles. Anayetaka kujua habari za wahudumu aende mtaa wa Pullman, kuna makumbusho yenye jina la Randolph. Wapelekeni watoto, si mbali.

Treni yenyewe nimekuja nayo, ipo kwenye ile meza ya mwisho karibu na dirisha. Watoto wanaruhusiwa kuendesha, mmoja mmoja, kitufe cha kulia ndicho mwendo. Ila ikifika kona ya upande wa jikoni punguzeni, tafadhali, Navajo bado inatoa mkia. Na atakayetaka kumwona yule wa koti jeupe azime kwanza taa ya ukumbi, apige goti, atazame dirisha la tatu la Isleta. Wa buluu yuko nje, mlangoni. Yeye humkosi.